Mita Moja

Sura ya tatu niliiandikia Mabatini,
chumba cha mwisho, nyumba iliyobanwa na mawe mawili
kama karanga kwenye jino bovu.
Maji hapa hupanda kwa vichwa vya watu.
Ziwa lipo pale chini, pana, linang'aa,
halimpandishii mtu hata kikombe.

Niliandika: mgogoro hauletwi na uhaba peke yake,
huletwa na namna uhaba unavyogawanywa.
Nikaweka tanbihi. Nikajisifu.
Umeme ukakatika.

Mita moja, wapangaji watatu.
Mama Nkwimba ana friji la barafu za ubuyu.
Magesa fundi cherehani ana pasi.
Mimi nina kompyuta ya mkopo, nusu ada,
na muhula mmoja uliobaki wa shahada ya uzamili
ya amani na migogoro ya kimataifa.

"Friji lako linakunywa uniti kama ng'ombe wa mnadani!"
"Na wewe unayenyoosha suruali za Mwanza nzima?"
Kisha wote wawili mlangoni kwangu:
"Nyanjige, si ndiyo unayosomea haya?"

Jumapili, baada ya misa, tukakaa kwenye jiwe la kuanikia.
Nyuma ya kalenda ya mwaka jana nikachora pembetatu.
Nikasema pande husika.
Nikasema tutenganishe madai na maslahi.
Mama Nkwimba akauliza kama maslahi yananunua luku.

Tukaafikiana: friji lizimwe usiku,
pasi iwe Jumanne na Ijumaa.
Nikaandika muhtasari, nakala tatu.
Magesa akasaini kwa mbwembwe.
Mama Nkwimba, anayejua kuandika vizuri tu,
akaweka dole gumba: "Kalamu yako siiamini."

Sikusema habari ya hita.

Hita ya waya, ya Makoroboi, shilingi elfu sita.
Saa kumi alfajiri naitumbukiza kwenye ndoo,
naifunika khanga mlango usivujishe ile taa yake nyekundu,
nangoja maji yaanze kunong'ona,
naoga, nachemsha ya chai, nafungua kitabu
cha mikataba iliyovunjwa.

Uniti zikaendelea kuisha.
Wiki ya pili barafu zote zikayeyuka.
Mama Nkwimba akazimwaga mwambani bila kusema neno,
maji mekundu yakateremka kwenye nyufa,
watoto wakayafuata kwa vidole na ndimi,
wakicheka, ilikuwa sikukuu kwao.
Magesa alikuwa amesimama dirishani na pasi baridi mkononi.
Hakuna aliyemtukana mwenzake siku ile.
Ningependa wangetukanana.

Jumatatu Dakta Rwechungura akanirudishia sura.
Kurasa arobaini na mbili, safi,
ila pembeni mwa ile sentensi niliyoipenda,
kwa wino mwekundu:
Mtafiti, wewe umesimama wapi?

Usiku nikanunua luku ya elfu ishirini,
pesa ya kudurusu tasnifu.
Tarakimu ishirini, kwa tochi ya simu,
nikizibonyeza moja moja kama mwizi anayerudisha.
Mita ikalia. Nyumba ikawaka.

Asubuhi Mama Nkwimba akamtazama Magesa,
akadhani ni yeye.
Magesa hakukubali. Hakukana pia.
Akapokea bakuli la dagaa wa kukaanga,
akashona bure sare ya mtoto.
Sasa wanacheka pamoja ukutani,
nawasikia ninapoandika.

Sura ya tano nimeianza mara nne.
"Amani ilipatikana." Nikafuta.
"Pande mbili zilipatana." Nikahesabu pande, nikafuta.
Hita nimeifunga kwenye gazeti, iko chini ya kitanda,
sijaitupa.
Saa kumi naamka kwa mazoea,
najimwagia maji baridi yanayokata pumzi,
nakaa mezani nikitetemeka.
Ushahidi ninao wote.
Tanbihi ndiyo sina.